KABLA YA KUHUISHA BIMA, TUMTAZAME ALIYE JUU YA MKARAFUU



Mkataba wa bima ya matibabu wa kundi letu unakaribia kwisha, na karatasi za mipango mbalimbali zimeanza kufika ofisini. Kila karatasi ina maneno matamu, na kila wakala anasifu chake, kama ilivyo ada ya mwuza bidhaa. Wanachama wanaotupitia kutaka habari huuliza kwanza, "Ipi rahisi?" Hatuwalaumu, maana fedha ya karafuu ni fedha ya jasho, na mtu aliyeianika juani siku nne tano akihofia mvua haitupi ovyo. Lakini anayeanza kwa bei na kuishia kwa bei huenda akanunua kadi itakayomtibu homa na kikohozi, kisha ikamwacha njiani siku mwanawe atakapoteleza kutoka tawi la juu.

Kwa hiyo, kabla Kamati haijakutana, tumeona vyema kuwaeleza wanachama habari za wenzetu wa Morogoro. Wao wamezoea kadi za bima za wakulima kwa muda mrefu kuliko sisi, wameuona uzuri wake na upungufu wake, na kazi yao ni hii hii yetu.

WAKULIMA WA KARAFUU WA ULUGURU

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba karafuu ni ya Unguja na Pemba, na kwa wingi wa zao hilo ni kweli. Lakini Milima ya Uluguru, iliyo kusini ya mji wa Morogoro na yenye vilele vinavyopita mita 2,600, hupata mvua nyingi upande wake wa mashariki unaoelekea Bahari ya Hindi, na huko mkarafuu umekubali vizuri. Kinole, Tegetero, Mkuyuni na Matombo ni majina yanayojulikana kwa wafanya biashara ya viungo. Mwenye shamba huko huchanganya mikarafuu na midalasini, pilipili manga, migomba na mananasi. Maji ya milima hiyo huteremka katika Mto Ruvu, ambao ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.

Wenzetu hao wanatofautiana nasi kwa mambo mawili. La kwanza, hawana shirika kama ZSTC la kununua karafuu. Huuza kwa wafanya biashara, na bei hupanda na kushuka kwa mapatano. La pili, sisi tuna bahari, wao wana mlima. Mgonjwa wa Pemba anayepelekwa Mnazi Mmoja husubiri chombo. Mgonjwa wa Matombo hupita Mkuyuni na Kiroka ndipo afike Morogoro mjini ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na wa Tegetero ana mteremko wake wa kuushuka kwanza, ambao wakati wa masika ni utelezi mtupu.

Katika mengine yote sisi na wao ni hali moja. Mkarafuu wa Kinole huchumwa kama wa Wete: mtu hupanda, huvuta tawi, huchuma shazi moja moja, na chini yake hapana godoro.

KADI ZAO ZILIVYOANZA

Bara, matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure mpaka mwaka 1993, ulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama. Mkulima ambaye fedha humjia kwa msimu alitakiwa alipe siku anapougua, na maradhi hayangoji msimu. Ndipo mwaka 1996 ukajaribiwa wilayani Igunga Mfuko wa Afya ya Jamii, uitwao CHF. Kaya hutoa mchango mara moja, halafu hutibiwa mwaka mzima. Sheria yake ilitungwa mwaka 2001, na mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ukaanza kazi kwa watumishi wa Serikali.

Mpango ule wa kwanza wa CHF ulikuwa na kasoro kubwa: kadi ilifungamana na vituo vya karibu na nyumbani. Aliyejiandikisha kijijini alitibiwa kijijini. Akifika mjini na ugonjwa mzito, kadi yake ilikuwa karatasi tu. Morogoro, pamoja na Dodoma na Shinyanga, ikawa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kupata CHF iliyoboreshwa kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, kabla mpango huo haujaenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2018. Kadi mpya ilimwezesha mtu kuanza zahanati, kwenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kwa barua ya rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Mchango uliowekwa ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, isipokuwa Dar es Salaam.

Wakati huo huo NHIF nayo ikawafungulia mlango wasio na mshahara. Mwaka 2018 ulianza mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima waliomo katika vyama vya ushirika, wa mazao kama pamba, kahawa, korosho, tumbaku na chai. Mtu mzima alitoa shilingi 76,800 kwa mwaka na mtoto shilingi 50,400. Mwaka 2019 vikaja vifurushi vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, ambavyo bei yake ilifuata umri na idadi ya watu. Kilicho cha chini kabisa, kwa kijana mmoja wa miaka 18 hadi 35, kilikuwa shilingi 192,000.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkaazi wa Bara awe na bima, na sheria hiyo imekuja kuibadili mipango yote hiyo. Kwa hiyo viwango tulivyovitaja vichukuliwe kuwa ni vya miaka yake. Anayekata kadi leo aulize kiwango cha leo. Sisi twavitumia hapa kwa sababu vinaonyesha vizuri jinsi ya kulinganisha.

HESABU YA KAYA MOJA

Tuchukue mfano wa kaya ya Uluguru yenye baba, mama na watoto wanne. Kwa CHF iliyoboreshwa, wote sita walilipiwa shilingi 30,000, yaani shilingi 5,000 kila mmoja. Kwa kiwango cha Ushirika Afya, wazazi wawili ni shilingi 153,600, na watoto wanne ni shilingi 201,600. Jumla shilingi 355,200. Ni karibu mara kumi na mbili.

Tuigeuze hesabu hiyo iwe karafuu, maana ndiyo lugha yetu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 15,000 kwa kilo ya karafuu kavu, kadi ya kwanza ni kilo mbili. Ya pili ni kilo 24 kasoro kidogo. Mwenye mikarafuu michache hana haja ya kufikiri sana. Ataichukua ya kilo mbili, na hatutamwita mjinga.

Lakini sasa tuulize kila kadi inamfikisha wapi. Aliyeanguka akavunjika mkono atatengenezwa katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kadi ya kilo mbili inamtosha. Aliyeanguka akaumia uti wa mgongo au kichwa huenda madaktari wa Morogoro wakaona apelekwe Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, karibu kilomita 190 kutoka hapo. Hapo ndipo kadi zinapoachana. Ngazi ya CHF iliishia hospitali ya mkoa. Kadi ya NHIF iliendelea kwa rufaa mpaka hospitali za taifa. Kaya iliyokuwa na kadi rahisi ilijikuta inauza shamba au inakopa kwa mnunuzi wa karafuu kwa kuahidi msimu ujao, na anayekopa namna hiyo hapangi bei.

Basi tofauti ya kilo mbili na kilo 24 ni safari ile moja baada ya hospitali ya mkoa. Kwa mfanya kazi wa dukani, safari hiyo ni jambo la nadra. Kwa mchumaji wa karafuu ni hatari ya kazi yake ya kila siku.

ASIYE NA MSAMAHA

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Sera ya Bara huwasamehe malipo, katika vituo vya Serikali, watoto wa chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Huo ni msaada mkubwa, ingawa msamaha wa malipo hauifanyi dawa iliyokwisha ghalani ipatikane. Lakini tazameni ni nani aliyebaki nje. Ni kijana wa miaka 20, 25, 30. Mwenye nguvu, asiyeugua mara kwa mara, anayejiona hahitaji kadi. Na huyo ndiye anayepanda juu ya mkarafuu.

Hali hii iko kwetu pia. Mwanachama akijaza fomu huanza kwa mama yake mzee na watoto wadogo, na hafanyi vibaya, maana hao ndio anaowaona wakiugua. Nafasi zikijaa, kijana husukumwa nje: "Huyu mzima, atangoja mwaka ujao." Msimu ukifika huyo mzima ndiye anayebeba kamba na kwenda juu.

Jambo la majina lina uzito wake zaidi Uluguru. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ardhi ni ya ukoo, hivyo mpwa aweza kulima na kuchuma kwa mjomba wake. Fomu ya bima haijui ukoo. Inajua kaya, watu sita. Mpwa akiwa hakuandikwa kwa mjomba wala kwa mama yake, hana kadi popote, ijapokuwa amezungukwa na jamaa wenye kadi. Na sisi tuna watoto wa kulea, wajukuu waliokaa kwa bibi, na wenye nyumba mbili. Kila mmoja ahesabu watu wake kwa majina, asikisie kwa idadi.

KWETU VISIWANI

Hapa Zanzibar matibabu ya Serikali yalitangazwa kuwa bure mwaka 1965, na hilo limetulea vizazi viwili na zaidi. Mwaka 2023 ilitungwa sheria ya kuanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ambao ulianza na watumishi wa umma. Mkulima asiye na mwajiri haingii katika mfuko kwa kukatwa mshahara. Lazima aingie kwa hiari yake na kwa kundi lake. Ndiyo maana wakati huu wa kuhuisha mkataba yafaa tujue hasa tunachokitaka, tusije tukachaguliwa na wengine.

Wako wanachama wanaosema, "Mchumaji akianguka, ZSTC inatoa fidia." Ni kweli kwamba fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu zimekuwa zikitolewa kwa walioanguka mikarafuu, na twashukuru. Wenzetu wa Uluguru hawana kitu kama hicho. Lakini fidia na bima ni vitu viwili. Fidia huja baada ya fomu kujazwa na jeraha kuthibitishwa. Humsaidia mtu na watu wake wakati hawezi kazi. Bima hutakiwa usiku ule ule, wakati daktari anataka picha ya eksirei na dawa. Mwenye fidia bila bima hutibiwa kwa deni, na fidia ikija hulipa deni. Mwenye vyote viwili hubaki na kitu cha kuwalisha watoto.

MAMBO YA KUULIZA

Kutokana na hayo, twawaomba wanachama wailinganishe kila karatasi kwa maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe, yasiwe ya mdomo.

Kwanza: Kadi hii inaishia ngazi gani? Je, inafika hospitali ya taifa, na je, inavuka bahari? Mtu wa Pemba akipewa rufaa Unguja, au wa Unguja akipelekwa Muhimbili, nani analipa?

Pili: Aliyeanguka ni mgonjwa wa dharura. Je, akifikishwa moja kwa moja hospitali kubwa bila barua ya rufaa, kadi itakubaliwa?

Tatu: Kadi inaanza kufanya kazi siku gani baada ya malipo, na inakwisha siku gani? Kadi nyingi zina muda wa kungoja. Inayoisha katikati ya uchumaji ni hatari tupu. Sisi twaona afadhali mwaka wa bima uanze muda mfupi kabla ya msimu, na mchango wake uwekwe akiba kutoka mauzo ya msimu uliopita, kabla fedha haijaingia katika harusi na mabati.

Nne: Dawa ikikosekana hospitalini, kadi inakubaliwa duka gani la dawa? Na vipimo je, na upasuaji, na vyuma vya kuunga mfupa?

Tano: Ni watu wangapi, na nani anahesabiwa? Mtoto aliyefika umri gani huondolewa? Mtoto anayesoma Bara, kama wale wetu walioko Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, anatibiwa na kadi hii hii?

Sita: Usafiri. Tusidhani kadi itamlipia mgonjwa gari au boti. Mara nyingi haimlipii. Lisipoandikwa katika mkataba, tulihesabu kuwa ni juu yetu wenyewe.

WACHUMAJI WETU

Limebaki moja, na ndilo zito kuliko yote. Katika mashamba mengi anayepanda mkarafuu si mwenye shamba wala mwanawe. Ni mtu wa kuajiriwa kwa msimu, analala dago, analipwa kwa pishi, na msimu ukiisha anarudi kwao. Jina lake halimo katika daftari la wanachama, kwa hiyo halimo katika bima yetu hata tukichagua iliyo bora kabisa. Tukihuisha mkataba kama ulivyokuwa, tutakuwa tumewakatia bima wanaokaa jamvini wakichambua makonyo, na kumwacha aliye juu.

Uluguru hesabu yao iliwafundisha jambo. Kadi ya kaya nzima ya mchumaji, kwa kiwango kile cha 2018, ilikuwa kilo mbili za karafuu kavu. Hapana mwenye shamba ambaye kilo mbili zitamfilisi, na mchumaji aliyekwisha kuwa na kadi hufika zahanati mapema, hangojei jeraha lioze. Kadi hiyo haimfikishi MOI, tumekwisha kusema. Lakini kati ya mtu mwenye nusu ya ngazi na mtu asiye na ngazi, tofauti ni kubwa.

Kwa hiyo ofisi yenu itapeleka mbele ya mkutano mambo matatu yajadiliwe. La kwanza, kampuni au mfuko tutakaouchagua uulizwe kama utakubali majina ya wachumaji wa msimu yaongezwe katika kundi, na kwa mchango gani. La pili, ikiwa hautakubali, kila mwenye shamba amwulize mchumaji kadi yake kabla hajamkabidhi kamba, na asiye nayo asaidiwe kuipata, mchango ukigawanywa baina ya mwenye shamba na mchumaji kwa mapatano yaliyo wazi. La tatu, chama kiweke kisanduku kidogo cha gari na boti, kwa ajili ya aliyeanguka, awe mwanachama au asiwe.

Tunajua yatakuwapo maneno. Wako watakaosema mchango utapanda, na kweli utapanda. Wako watakaosema kijana wa dago leo yuko huku kesho yuko kule, na ni kweli pia. Lakini bima haiwezi kusimama kama wanaoingia ni wagonjwa tu. Mfuko hukaa hai kwa wazima wengi wanaochangia na wachache wanaotibiwa, na hili ndilo lililoisumbua mifuko ya hiari ya Bara tangu mwanzo: wengi walingoja waugue ndipo wajiandikishe. Kijana mzima anayeongezwa katika kundi hulitia nguvu kundi. Na sisi wenyewe tumelelewa katika kuchangiana, tangu mazishi mpaka kujenga msikiti. Hatuhitaji kufundishwa kwamba anayetoa leo si lazima awe ndiye atakayepokea.

Twaomba kila mwanachama, kabla ya mkutano, alete ofisini karatasi yenye majina ya watu wake wote na umri wao, na chini yake, katika mstari wa peke yake, majina ya wachumaji aliowatumia msimu uliopita. Wasiojua kuandika waje tuwaandikie. Tukiwa na karatasi hizo mezani, wakala akija na maneno yake matamu tutamwuliza maswali yetu sita, kisha tutamwonyesha ule mstari wa chini.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama